Mwalimu Véronique na Jumamosi ya Kauma

Ijumaa hii, tarehe 15 Desemba 2017, Mwalimu Véronique Nabintu anaweka chaki chini baada ya kuwafundisha Kiingereza watu wazima wa kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, kwa miaka kumi na tano. Alianza mwaka 2002 katika jengo la kanisa letu na hakulihama hata siku moja. Wenzangu wameniomba mi Norbert, mwalimu wa hesabu, niandike maneno haya kwa ajili ya programu ya sherehe. Nimekubali huku natetemeka, maana kuanzia Januari darasa lake ni langu, na Kiingereza changu kinatosha kununulia nyanya tu.

Mwalimu Véro, kama tunavyomwita, alizaliwa Bukavu, akasomea ualimu kwa Kifaransa, akafundisha shule ya msingi mpaka vita vilipomfukuza. Alifika hapa na binti yake Marlène, akiwa hajui Kiingereza zaidi ya salamu. Haukupita muda akaanza kukifundisha. Watu walimcheka, eti kipofu anaongoza vipofu. Alijibu kwamba kipofu aliyetangulia kidogo njo anajua shimo liko wapi, kisha akaendelea kuandika ubaoni.

Waliomfuata ni mafundi cherehani, wauza samaki, mashemasi, kina mama wenye watoto mgongoni. Tusidanganyane leo, wote waliletwa na hofu. Kuna hofu ya kuitwa kwenye mahojiano ukakosa la kusema, hofu ya daktari asiyekuelewa, hofu ya askari wa kizuizi cha barabarani. Hapa kambini hofu ni kama vumbi, ukifagia asubuhi jioni limerudi. Mwalimu Véro hakuwahi kumcheka mtu kwa hilo, kwa kuwa yeye mwenyewe ni mwoga wa kwanza. Anaogopa radi, anaogopa mbwa, anaogopa kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, ikiteremka mlima. Barua yenye mhuri akiiona, kwanza anakaa chini.

Somo alilolipenda kuliko yote ni usemi wa taarifa, ule ambao sisi wa Kongo tulifundishwa kwa jina la discours indirect. Mwanafunzi mmoja alisimama akasema jambo aliloambiwa na mtu maishani mwake, mwenzake akaligeuza: fulani alisema kwamba hivi na hivi. Mwalimu alitueleza kwamba mkimbizi anaishi kwa kufikisha maneno ya wengine. Daktari alisema hivi, mwenye nyumba alisema vile, na usipoyafikisha salama utaumia wewe. Sentensi iliyonyooka kuliko zote aliiandika ubaoni, nasi tukaisoma kwa pamoja mpaka watoto wa jirani wakaijua.

Lakini ubao wenyewe ulikuwa mali ya kanisa. Juu yake fundi mmoja alikuwa ameandika kwa rangi ya mafuta, isiyofutika hata kwa kisu, neno MATANGAZO. Jumapili karani aliandika hapo misiba, mazoezi ya kwaya na mbuzi waliopotea, yote kwa Kiswahili. Siku za katikati ulikuwa wetu, kwa sharti tuufute. Na kila mtu wa Dzaleka anajua kwamba mambo ya kumpindua mtu maisha yake hayaji kwa Kiswahili. Yanakuja kwa Kiingereza, nawe unatafuta wa kukusomea.

Jumatano moja ya mwezi wa Machi 2009, zamu ilikuwa ya Honoré, fundi cherehani kutoka Fizi. Alisimulia jinsi kamanda mmoja alivyoingia kijijini kwao wakati wa vita na kuwapa siku ya kuhama. Mwalimu akaandika kwa Kiingereza kwamba kamanda alisema watu wote walipaswa kuondoka ifikapo Jumamosi. Hakuna kitenzi kilichokosewa, darasa likampigia Honoré makofi. Hapo hapo mvua ikaanza kupiga bati, kila mmoja akakumbuka unga wake alioanika juani, na Mwalimu naye mbio. Ubao ukabaki vile vile.

Kesho yake asubuhi kwaya iliingia kwa mazoezi. Dieudonné, kiongozi wao, ambaye ana sauti nzuri na Kiingereza cha kuungaunga, aliisoma ile sentensi chini ya neno MATANGAZO, akaisoma tena, kisha akawatafsiria kwa sauti ya kinyonge. Kwaya ikatawanyika, kila mmoja mbio kwao. Kabla ya saa sita kambi nzima ilikuwa inafunga mizigo. Mwenye kuku aliwauza kwa bei ya bure, mwenye mtoto shuleni alimfuata darasani. Waliojaribu kuuliza kamanda gani, wa wapi, waliambiwa kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hata sisi wa darasani habari ilitufikia kama amri, si kama sentensi ya ubaoni, na mi mwenyewe nilishafunga godoro kwa kamba. Sina aibu, mlioniona mliniona.

Siku hiyo Honoré alikuwa Lilongwe, sokoni Area 25, kununua uzi. Aliporudi jioni alikuta watu wanagombania magunia, akafikiri ni wizi. Nyumbani kwake alikuta mlango wazi, na ile miguu ya chuma ya cherehani imesimama peke yake. Mke wake Goreth alikuwa amekwenda na watoto wawili, mdogo mgongoni, na kichwa cha cherehani kichwani. Jirani alimweleza kwamba ni tangazo la kanisani, kwamba kamanda amesema bantu bote baondoke ifikapo Jumamosi. Honoré alisimama pale akiyasikia maneno yake mwenyewe, kisha akatoka mbio kwa Mwalimu.

Mwalimu Véro alipoletewa habari alikimbia kanisani na kufuta ubao kwa kitenge chake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Pasta Étienne alizunguka kambi yote akitangaza kwamba lile lilikuwa zoezi la shule, na Ijumaa asubuhi wengi walishafungua mizigo, wakibaki na ugomvi wa kuku. Goreth peke yake hakurudi. Mwenye kabaza mmoja alisema kwamba alimbeba mpaka barabara kuu, na kwamba mama yule alikuwa akitaja mtaa wa Kauma au Area 25 huko Lilongwe, hakusikia vizuri kwa sababu mtoto alikuwa analia.

Hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Mwalimu Véro hakuwa amevuka mpaka wa kambi bila karatasi ya ruhusa tangu alipofika Malawi. Ruhusa ilihitaji kusubiri, na mwanamke mwenye watoto wawili hasubiri. Tulimshauri asiende. Tulimwambia askari wakimshika tutamkosa na darasa litafungwa. Alijibu kwamba sentensi ni ya Honoré lakini mwandiko ni wake, akapanda minibasi. Honoré alielekea Area 25 kwa ndugu zake. Mwalimu akashukia Kauma.

Aliuliza nyumba kwa nyumba, mpaka akamkuta Goreth kwa Mama Gertrude, mwanamke wa Uvira anayeuza usipa, dagaa wa huku. Watoto walikuwa wazima. Goreth alikuwa amekaa karibu na mlango wa nyuma, mizigo haijafunguliwa, kile kichwa cha cherehani mapajani. Mwalimu alimweleza yote, mvua, ubao, zoezi, akamwomba msamaha, akamwambia twende nyumbani.

Goreth alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho. Kisha akamweleza, bila kupaza sauti, kwamba hata kule Fizi mwalimu wa kijiji alizunguka nyumba kwa nyumba akisema ni uvumi, watu bakae. Mama yake alimwamini mwalimu, akakaa, na dada yake akakaa naye. Goreth alisema kwamba hambishii Mama Mwalimu, lakini Jumamosi ipite kwanza.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mtu wa namna hiyo huwezi kumvuta mkono. Mwalimu Véro hakubishana. Hakumtisha kwa jina la mume wala la pasta. Aliagiza Honoré apelekewe habari kwamba mke na watoto ni wazima na asije kuwaharakisha, akaweka mkoba wake chini, akaomba kisu, akaanza kumsaidia Mama Gertrude kumenya viazi.

Jumamosi ilikuwa ndefu. Watoto hawakuruhusiwa kutoka nje. Kila honi ilipolia Goreth alimfunga mdogo mgongoni, na gari lilipopita akamfungua. Baadaye sana Mwalimu alitueleza, tukinywa chai, kwamba ilipofika mchana hata yeye alikuwa amesahau maneno yale yalitoka wapi. Alijua ameyaandika kwa mkono wake, na bado aliogopa kwamba yatatimia. Mara lori likasimama mbele ya nyumba. Wanaume wakaruka chini, mmoja akapiga kelele. Goreth alikuwa ameshafungua mlango wa nyuma. Mwalimu Véro hakusema tulia. Alimshika mkono yule mtoto mkubwa, akavua viatu, akasimama nyuma ya Goreth tayari kukimbia naye.

Kumbe ni lori la matofali. Walikuwa wanamuuliza jirani nyumba inayojengwa iko wapi.

Goreth aliwatazama wale wanaume wakishusha matofali, kisha akageuka akamtazama Mwalimu, peku, jasho likimtoka, mtoto mkononi. Akaufunga mlango. Mama Gertrude anasema kwamba hapo ndipo Goreth alipouliza kama kuna chakula, na ndiyo mara ya kwanza alipokula tangu afike.

Jumapili asubuhi walirudi. Kwenye kizuizi askari alimuuliza Mwalimu Véro wanatoka wapi, na Mwalimu wetu wa Kiingereza, jamani, hakukumbuka hata neno moja, la wakati uliopo wala uliopita. Goreth ndiye aliyejibu kwa Kichewa kwamba walikwenda kumtembelea mgonjwa, akamalizia kwa adabu na zikomo, ndiyo asante yao, wakapita. Honoré alikuwa barabarani akiwangoja tangu alfajiri. Alikipokea kile kichwa cha cherehani, akakiweka begani, nao wakaenda nyumbani.

Darasa lilifungwa kwa muda, Mwalimu akakaripiwa mbele ya wazee wa kanisa, naye akakubali kila neno. Lilipofunguliwa, Goreth alikuja akakaa benchi la nyuma. Alisema hakuja kusoma, amekuja kuangalia kinachoandikwa. Aliangalia miaka miwili, na katika kuangalia huko akajua Kiingereza kunishinda mimi. Wengine waliopita benchi zile leo ni wakalimani hospitalini, wana maduka Area 25, wako nchi tusizoweza kuzitamka. Wote walifundishwa na mtu aliyekuwa akitetemeka, nao hawakujua.

Sasa Mwalimu anakwenda. Jumatatu ijayo gari litakuja kumchukua, apande ndege kumfuata binti yake Marlène, aliyetangulia huko kwenye nchi ya baridi. Tusifichane, anaogopa sana. Anaogopa ndege, anaogopa kufika uwanjani na Kiingereza kumkimbia tena, anaogopa kufa mbali na watu wanaojua jina la baba yake. Tumempa ushauri wa kila aina. Tumemwambia ndege hazianguki, tumemwambia Mungu yuko. Ushauri wote hausaidii.

Tangu juzi Goreth amehamia kwake na mkeka. Tulimuuliza anafanya nini pale, maana mizigo imeshafungwa na kazi hakuna. Alisema kwamba Mama Mwalimu anaogopa, na kwamba yeye hatoki mpaka gari lifike.

Mwalimu Véro, aksanti kwa kila neno ulilotufundisha. Nenda salama, Mungu akutangulie, na huko uendako usikose mtu wa kukaa nawe.