Historia ya Mtoto Irakoze na Hewa Aliyopewa

Mchungaji, wazee wetu na majirani wa Heru Juu, mimi ni Leonidasi, baba mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mtoto wetu, ingawa wapo waliosema mtoto wa miezi tisa hana historia.

Irakoze Hatungimana alizaliwa tarehe 9 Juni 2024 huko Busunzu, wilayani Kibondo, nyumbani kwa wazazi wa mama yake, Esteri, akiwa mtoto wa kwanza wa Esteri na mdogo wangu Hatungimana. Shule hakuifikia, kazi wala ndoa hakuzijua, lakini alikwishajua kutambaa hadi mlangoni akisikia baba yake anarudi shambani, na kuku akipita alicheka mpaka anaanguka.

Tarehe 15 Machi 2025 alianza mafua na kikohozi, kisha akashindwa kunyonya, mbavu zikawa zinabonyea kila akivuta pumzi, wazazi wakampakia kwenye bodaboda hadi hospitali mjini Kasulu. Daktari alieleza kwamba ni virusi vilivyoingia mapafuni, havina dawa ya kuviua, hivyo mtoto husaidiwa kupumua mpaka mapafu yapone yenyewe, akawekewa mipira midogo puani, iliyounganishwa na mashine ya kumsukumia hewa yenye oksijeni.

Hapo baadhi ya ndugu, kwa uchungu, walipiga simu wakisema mtoto akiwekewa gesi harudi, atolewe aletwe nyumbani. Esteri alikataa, akabaki pale akikamua maziwa yapitishwe kwa mpira hadi tumboni, na kwa muda mtoto alitulia, akafumbua macho, akamtazama mama yake. Kisha hali ikabadilika, moyo ukachoka, akafariki tarehe 21 Machi 2025, wakati mtoto wa kitanda cha jirani, mwenye mipira kama ile, akijiandaa kurudi kwao.

Tangu jana inasemwa hapa msibani kwamba mashine ndiyo iliyomuua, na mama yake ameniomba nisome maneno yake kama alivyoyatamka: "Mwanangu alifika hospitali pumzi zikimwishia. Ile hewa haikumuua, ilimpunguzia taabu ya kupumua. Mwenye mtoto anayebonyea mbavu asingoje tuzike, ampeleke sasa hivi."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye, dereva wa bodaboda aliyekataa nauli, majirani waliopika na kuchimba kaburi, na wakulima wenzake Hatungimana waliompalilia maharage yake.

Irakoze mwanetu, pumzika kwa amani, hakuna tena pumzi ya kuhangaikia.