Njaa Ndiyo ya Kuzomewa

Mheshimiwa Diwani; Nii wetu, mkuu wa mtaa; makocha na waamuzi; ndugu wageni waalikwa, nanyi wauza samaki wenzangu mliofunga vibanda mapema: mlikuwa wapi? Ukumbi huu wa ngumi uko hapa hapa Bukom, haujahama. Mjukuu wangu Odartei amepigana miaka na miaka mbele ya viti vitupu, leo anatundika glovu ndiyo mnajaa mpaka mlangoni! Au ni harufu ya kenkey yangu ya mahindi? Haya, mtakula. Kwanza mnisikilize, maana nina jambo moja tu. Kuanzia Jumatatu Odartei anafundisha watoto humu ndani, na hakuna mzazi hata mmoja aliyekubali kumletea mtoto wake.

Sababu naijua. Ni lile jina mlilompa: Kupe. Akiona mpinzani amepandwa na moto, anamkumbatia. Anamfunga mikono, anamlalia begani mpaka mwamuzi aje awatenganishe. Wakishatenganishwa anazunguka, anadonoa, anarudi kukumbatia. Inachosha kutazama? Inachosha, sikatai. Mimi ni damu yake, na nimewahi kusinzia.

Siku ya pambano lake la mwisho, na lile jitu la Kumasi, nyuma yangu alikaa Ataa Kotei kinyozi. Usijifiche chini ya kofia, Kotei, nakuona! Alikuwa anapayuka, "Muoe basi! Kupe, muoe, tuje tule harusi!" Wachache waliokuja wakazomea wote. Kisha akaniinamia: "Bibi, huyu kijana wako amekuja kupigana au kucheza dansi?"

"Amekuja kupigana, kisha arudi nyumbani ale."

"Baba yake hakuwa hivi, Bibi. Baba yake alikuwa dume!"

Kweli, Kotei. Mwanangu Ayikwei alikuwa dume. Alisimama katikati ya ulingo, mikono chini, akiziita ngumi kama mtu anayeita kuku. Mlimbeba mabegani kutoka hapa mpaka sokoni. Nani anambeba sasa? Yule pale, kwenye kiti cha pembeni. Mgeukieni, mpungieni mkono, anapenda. Mimi mama yake ananiita shangazi, na siku akiamka vizuri ananiuliza bei ya samaki.

Kila asubuhi Odartei ndiye anayemwinua kitandani. Anapitisha mikono kwapani, anamfunga kifuani, wanasogea taratibu hadi bafuni. Mzee akishtuka akaanza kurusha ngumi, maana bado anazirusha, mtoto hamrudishii, wala hakimbii. Anamkumbatia, anamlalia begani mpaka atulie. Mmekuwa mkiulizana ni kocha gani aliyemfundisha ule mchezo mbaya. Kocha mmeshampungia mkono sasa hivi.

Sisi watu wa kabila la Waga kuzomea tumerithi. Kila mwaka kwenye Homowo, sikukuu yetu ya mavuno, tunaizomea njaa kwa vile ilivyowatesa wazee wetu, nami mwenyewe huizomea mpaka sauti inakauka. Inastahili! Lakini nani aliyewatuma mlibebe zomeo la sikukuu mkamtupie mtoto wenu ulingoni? Amemlaza nani na njaa? Kosa lake ni lipi, kwamba amezeeka na meno yake? Kwamba akiniona ananiita Bibi, wala hakosei?

Mnasema atawalea watoto wawe waoga. Haya, wapelekeni kwa wanaofundisha kusimama mikono chini. Lakini kabla hamjatoka, piteni pale pembeni, mumuulize Ayikwei jina la mama yake.

Mheshimiwa Diwani, taa mpya zinawaka, ubarikiwe. Nii wetu, umekaa kwenye joto hili na wala hukulalamika, nawe ubarikiwe. Wote mliobaki, masikio yenu nimeyachosha, nanyi mmeniazima kwa moyo. Asanteni sana, kenkey iko tayari.

Ila Jumatatu mkija, msije mikono mitupu: kila mmoja awe amemshika mtoto mkono. Kotei, wewe utangulie na yule mjukuu wako mwenye fujo. Na ukimwona amemkumbatia mwenzake pale ulingoni, funga mdomo, kaa chini, ule.