Nyumba Iliyonunuliwa Mwenyewe Akiwa Ndani
Wasifu wa Marehemu Priska Chepkemoi Kimaiyo, 1962–2026

Huyu tuliyemleta leo hapa Dundori alikuwa mke, mama na nyanya, na watu wengi wa Nakuru waliijua sauti yake kabla ya kumwona uso. Familia imeandika maneno haya pamoja, nami Kipngeno, mdogo wake, nimeombwa niyasome.

Priska Chepkemoi alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962 huko Molo, mtoto wa tatu katika familia ya watoto sita. Wazazi wake walikuwa wakulima wa pareto. Alisoma Molo hadi akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1980. Shuleni ndiye aliyepewa kusoma matangazo ya asubuhi, kwa sababu hakuhitaji kupaza sauti ndipo asikike.

Sauti hiyo ndiyo iliyompa kazi. Mwaka wa 1983 aliajiriwa kuwa opereta wa simu mjini Nakuru. Wakati huo ukitaka kuongea na mtu wa Kericho au Kisumu, ulipitia kwake kwanza. Siku moja alikuwa sokoni akiuliza bei ya vitunguu, na mtu asiyemjua akageuka. "Mathe, si wewe ndiye 'Nakuru, subiri kidogo'?" Jina hilo lilimfuata hata baada ya mitambo mipya kuingia na kazi kuisha mwaka wa 1999. Hapo akaanza kuuza mapazia ya mtumba.

Alifunga ndoa na Weldon Kimaiyo, fundi wa mitambo, katika kanisa kuu la Nakuru tarehe 13 Desemba 1986. Mungu akawajalia Cheruto na Kemboi. Mwaka wa 2008 Weldon alipata kazi kwenye shamba la maua Naivasha, wakahama wote, wakajenga mtaa wa Kihoto, karibu na ziwa. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda likaingia sebuleni. Waliokoa kitanda, jiko na cherehani. Mlango waliuacha wazi, kwa sababu hakukuwa na maana ya kuufunga.

Baada ya Kihoto, Weldon alisema hataki tena kusikia habari ya mji. Alipanda kuja huku Dundori, kwenye shamba la baba yake, akaanza kulima viazi. Priska alipanga chumba Nakuru, karibu na kanisa kuu, akarudia mapazia yake.

Kwenye kichochoro kimoja nyuma ya kanisa palikuwa na nyumba ya mawe, ya zamani za reli, yenye sakafu ya mbao na mti wa jakaranda mlangoni. Ilikuwa ya Mzee Hemed, mjane ambaye baba yake alitoka Pwani kufanya kazi ya reli. Alikuwa akiiuza kwa sharti moja: yeye mwenyewe hatoki mpaka Mungu amchukue. Wanunuzi walikuja, wakasikia sharti, wakaenda. Wengi wao walitaka kubomoa wajenge fleti.

Priska alienda kuiona mara tatu. Weldon alipopata habari, alishuka kutoka Dundori siku hiyo hiyo.

"Unanunua nyumba na mwenye nyumba akiwa ndani?" akamuuliza.

"Ndiyo. Ile ya Kihoto ilikuwa mpya, na uliona," Priska akamjibu. "Hii imesimama hapo tangu kabla sijazaliwa. Mimi nataka kitu kilichokwisha zoea kusimama."

"Na yule mzee?"

"Yeye pia amezoea."

Hawakukubaliana. Priska aliuza kibanda chake cha mapazia, akachukua mkopo wa sako, chama chake cha akiba, na Machi 2021 nyumba ikawa yake. Mwaka huo Nakuru ikatangazwa kuwa jiji, lakini yeye aliendelea kuiita taun mpaka mwisho. Weldon alibaki na viazi vyake. Alileta gunia akishuka, akanywa chai, akapanda tena.

Priska na Mzee Hemed waliishi vizuri. Yeye Jumapili alitoka kwa mlango wa mbele kwenda kanisani, mzee Ijumaa akatoka kwa ule ule kwenda msikitini. Ramadhani jua likizama, uji ulikuwa mezani.

Mwaka wa 2022 mzee alianguka akavunjika nyonga. Binti yake, Khadijo, alikuja kutoka Mombasa na gari la kumchukua. Kila mtu aliona hiyo ndiyo njia, hata sisi ndugu zake Priska. Mzee alikaa kitandani akatazama ukuta.

Priska akamwambia Khadijo, "Mwanangu, baba yako akitaka kwenda, nitambeba mpaka kwa gari. Asipotaka, wewe lala hapa, kuna kitanda."

Khadijo alikaa majuma kadhaa. Alirudi Mombasa bila baba yake.

Lakini Priska hakuweza kumwinua mzee peke yake. Alimpigia Weldon simu, akamwambia hivyo tu. Weldon alikuja kwa wiki moja, na hakurudi Dundori kuishi tena. Alimwogesha mzee, akamnyoa, akaziba paa huku mzee, akiwa kwenye kiti, akimwonyesha mabati yanayovuja. Mzee Hemed alifariki Januari 2024, katika chumba alimozaliwa. Weldon alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Mwaka jana Priska aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Aliomba atunzwe nyumbani. Weldon alikwisha jua namna ya kumwinua mgonjwa bila kumuumiza. Cheruto alipomuuliza mama yake angependa azikwe wapi, tulidhani atasema Nakuru. Akasema, "Dundori. Mimi nilipata nilichotaka. Mzee wangu Kimaiyo naye apate mtu shambani kwake."

Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Februari 2026, mumewe akiwa amemshika mkono.

Amewaacha mumewe Weldon, watoto wake Cheruto na Kemboi, wajukuu wanne, sisi ndugu zake, na Khadijo, aliyefika jana kutoka Mombasa na ameketi hapa mbele pamoja na watoto.

Dada, kaburi umelichagua mwenyewe. Lala hapa kwa amani.