Mji Uliomjua Niyongabo

Benchi letu liko mbele ya saluni ya Odette, katikati ya Durban, na kahawa inatoka kwenye thermos yake. Mimi natengeneza simu mlango wa pili, na sipendi maneno ya kuzungukazunguka. Asubuhi hiyo Niyongabo, aliyekuja likizo kutoka mji mdogo wa China, alitakiwa kuijibu shule ya kule: anarudi kufundisha watoto mpira, ama anabaki na sisi?

— Abaki, — alisema Barthélemy, tunayemwita Docteur ingawa hajawahi kumchoma mtu sindano. — Kule wanamwangalia kama twiga.

— Kweli, Papa Bart, — alisema Niyongabo. — Nikinunua nyanya, soko zima linasimama. Bibi mmoja alinisugua mkono aone kama rangi inatoka.

— Eish! Ukafanya nini?

— Nikasugua wa kwake. Tukacheka.

— Na picha? — aliuliza Libère, ambaye hapa benchini ni Gavana.

— Nimo kwenye picha za harusi za watu nisiowajua. Wananivuta tu, nasimama kando ya bibi harusi.

Gavana akashusha kikombe.

— Wanazikusanya hizo. Watatengeneza Niyongabo wa plastiki, wamuuze.

— Hapana! — Docteur akadakia. — Siku moja utaamka umeshaoa, na picha za ushahidi ziko!

— Acheni upumbavu! — nilifoka. — Niyo, sema wazi. Kuna siku ulilia?

— Iko. Mwanzoni, nyingi. Halafu nikashikwa na homa, sikutoka nje. Jioni mlango ukagongwa: yule bibi wa sokoni, na bakuli la uji. Sikuwahi kumwambia nakaa wapi. Aliuliza tu barabarani yule Mwafrika anakaa wapi, na kila mtu akamwonyesha.

— Uji huo ulikuwa na dawa, — alisema Docteur. — Ya kukusahaulisha kwenu.

Hapo Diane, msusi mpya aliyefika juzi kutoka Bukavu, akatoka saluni na kikombe chake.

— Ba papa, samahani, naomba kuuliza. Kwa hizi taxi zenu, mama akikupigia simu, unamjibu kwa Kiswahili?

Ndani ya vibasi hivyo, mgeni akisikika na lugha yake huambulia matusi, hata ngumi. Docteur huzima simu kabla ya kupanda. Gavana hujifanya bubu, ananyoosha kidole tu akifika anaposhuka. Na mimi, mkali wa benchi, simu ikilia hujifanya nimelala.

Odette akainamisha thermos. Hakikutoka kitu.

— Ninarudi kule, — alisema Niyongabo. — Ngoja nimwambie mama.

Akasimama karibu na robot, zile taa za barabarani, akapiga simu, akaongea Kirundi kwa sauti ya uwanjani. Watu waliosubiri kuvuka wakageuka. Gavana akamvuta shati.

— Punguza sauti, ndugu, wanakuangalia!

— Nimezoea, — alijibu, wala hakupunguza.

Jioni, ndani ya taxi ya kwenda Sydenham iliyojaa hadi mlangoni, simu yangu ililia. Ni mama.

Nilikuwa macho.