Milimita Moja

Sogezeni viti, wanangu, ila msiketi kitandani, maana shuka hili lina wadudu wa maradhi wengi kuliko nyuzi zake, na mniache niseme mpaka mwisho, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo ni ya safari moja tu, hairudi kuchukua kilichosahaulika.

Jana mlidhani nimelala. Nilikusikia, kifungua mimba wangu, seremala wa watu, ukimwambia mdogo wako nyuma ya pazia, "Umemuua baba kwa kalamu! Ungeandika dawa inafanya kazi, ungepungukiwa nini?" Naye kitinda mimba, binti yangu aliyerithi kiti changu cha maabara, akalia. Basi kabla ya nyumba na vyombo, wosia wangu wa kwanza ndio huu: ugomvi huo uishe humu chumbani, nikiuona kwa macho yangu.

Miaka thelathini na mmoja nilipokea mikojo, damu na usaha wa wagonjwa wa wodini. Nikiwapaka rangi wadudu waliomo, hao bakteria, wakatoka wekundu, wale tunaowaita Gram-hasi, nilijua kazi ipo, maana hao hupeana ujanja wa kuishinda dawa kama wezi wa soko moja. Nawapanda kwenye sahani, naweka juu yao vidonge vya karatasi vyenye dawa, kesho yake napima kwa rula duara tupu waliposhindwa kuota. Duara likiwa pana, dawa inawaweza. Likiwa dogo, wamekuwa sugu.

Siku moja ukaletwa usaha wa mguu wa mama mmoja, fundi cherehani. Duara likatoka milimita kumi na nne, na dawa ile ilitaka kumi na tano, na ndiyo pekee iliyokuwemo kabatini, na daktari tuliyemwita Bwana Upesi amesimama mlangoni anagonga saa yake. Nikaandika kumi na tano, mama akapewa dawa isiyowaweza wadudu wake. Siku ya tano nikashindwa kula, nikaenda kukiri, wakaagiza dawa nyingine kutoka mbali. Mama yule akapona, lakini mguu walikuwa wameshaukata. Nilipomwangukia alinitazama sana, akasema, "Mimi nikikosea kipimo, mteja hurudisha suruali. Mimi nirudishe nini? Haya, nimekusamehe. Nenda kapime vizuri." Sikuongeza tena hata kwa unywele. Bwana Upesi ndiye niliyemnunia miaka kumi kwa kosa la mkono wangu mwenyewe. Mkimwona, mwambieni yamekwisha.

Sasa jana binti yangu kaniletea sahani ya damu yangu, imefungwa ndani ya mfuko, nikaomba miwani. Vidonge sita, duara hakuna hata moja. Akasema, "Baba, hakuna." Nilifurahi, wanangu, msinishangae, kwa sababu mtoto aliyeninyima milimita moja mimi baba yake hatampa mtu yeyote milimita ya uongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kwa kalamu hiyo hiyo wamenihamishia chumba hiki cha peke yangu nisiambukize wengine, na mzee mwenzangu wa kitanda cha jirani wamempima, hana kitu, kesho anakwenda kwake. Hakuniua mtu. Miaka sabini na tisa nimekula, nimeshiba.

Nyumba msiigombanie, vyumba vya mbele vya seremala na watoto wake, cha nyuma cha binti. Rula ni yake. Na vile vidonge vya dawa ulivyovificha chini ya mto wangu, seremala, ukinibembeleza nimeze kimoja kimoja, mpe mfamasia. Usije ukawapa wajukuu zangu wakipiga chafya. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu tumeutia wenyewe kwa nusu dozi zetu.

Watakaoniosha wavae glavu. Msione haya kuwaambia.

Naona... naona umemshika mdogo wako bega. Vizuri. Mwambie neno. Mimi nasikia.

Ahaa. Basi nimemaliza, wanangu. Mungu awape mikono safi na ndimi safi, mzikane kwa zamu, wakubwa kwanza. Niko radhi nanyi. Wote wawili.

Binti yangu... nipe mkono. Hapana, nawa kwanza.

Haya. Mkono wa baridi huu... mzuri.

Ukitoka... nawa tena.