Bahati Nasibu ya Kanisani

Verlene: Haloo? Nani mwenzangu?

Thurman: Mimi.

Verlene: Mimi gani? Akina mimi tumejaa Alabama nzima.

Thurman: Thurman, shemeji. Au umeshafuta namba yangu?

Verlene: Thurman! Si uko sinema wewe? Hata saa kumi haijagonga. Filamu imekwisha mara hii?

Thurman: Haijaisha. Nimetoka.

Verlene: Umetoka? Filamu ya timu ya kaka yako, wiki nzima umetusumbua nayo, halafu—

Thurman: Niko ndani ya pikapu ya baba hapa nje. Natamani kutapika, Verlene. Nasema kweli.

Verlene: Umekula nini?

Thurman: Sijala, nimeona. Huyo waliyempa aigize kaka Odell, ungemwona! Meno yamepangika kama vigae vya bafuni. Odell alikuwa na pengo hapa mbele, unaweza kupitisha kidole. Pengo wamelipeleka wapi?

Verlene: (anacheka) Lile pengo ndilo lililonipata mimi.

Thurman: Na mvua! Kila akikimbia na mpira, mvua. Akilia, mvua. Akimbusu msichana—

Verlene: Msichana gani?

Thurman: Achana nalo. Mwaka ule ukame ulitukausha, tuliomba mvua kanisani mpaka magoti yakachubuka! Nani kawaambia mvua?

Verlene: Msichana gani, Thurman?

Thurman: Mwekundu wa nywele. Sikiliza bwana, na hilo si baya kuliko yote. Kabla taa hazijazimwa, anapanda nani jukwaani? Grantham.

Verlene: Yule muuza magari, mfadhili wa timu ya chuo cha Pickett?

Thurman: Muuza magari ni zamani, sasa anautaka ugavana. Dakika ishirini! Watu wameshika bisi zao zinapoa. Eti akishinda, sheria ya kwanza, mchezaji wa chuo asilipwe hata senti. Eti zamani vijana walicheza kwa mapenzi, leo mpira umekuwa gulio la ng'ombe. Ukumbi mzima makofi.

Verlene: Na wewe?

Thurman: Na mimi nikapiga.

Verlene: Ahaa.

Thurman: Kwa neno lile tu! Ukweli ni ukweli hata ukitoka kwa mtu kama yule. Unajua ninavyolichukulia jambo hili. Tangu nijue kusimama mimi ni mtu wa Pickett. Sijakosa mechi ya nyumbani, hata wiki niliyomzika mama. Leo Tavaris, mtoto wa kaka yangu, damu ya Odell Pettway, anajiuza Harlan, chuo cha mahasimu wetu! Harlan, Verlene! Kwa dola laki nne!

Verlene: Anaji— nini? Rudia hilo neno.

Thurman: Simu inakwaruza.

Verlene: Simu haikwaruzi. Rudia.

Thurman: Nasema... anachukua pesa.

Verlene: Mtoto ana miaka kumi na minane. Tangu baba yake afe, wewe ndiye umemfundisha kudaka mpira kwenye uwanja wangu, mkanivunjia madirisha mawili. Kesho kutwa Jumatano anakaa pale ukumbi wa shule, kofia mbili mezani, shule nzima inatazama avae ya chuo gani. Kushoto kwake nipo mimi. Kulia kuna kiti chako. Ameniuliza leo mara tatu, "Baba mdogo anakuja?" Nimwambieje?

Thurman: Mwambie baba mdogo hawezi kukaa akitazama mnada.

Verlene: Thurman!

Thurman: Siwezi, shemeji. Roho inakataa. Odell alicheza bure, goti likaisha bure, hakudai kitu. Alicheza kwa kuipenda rangi ya kijani ya Pickett. Nikikaa pale nitamwangaliaje mtu aliye kaburini— (kioo kinagongwa) Subiri. Unataka nini wewe? Sijamaliza kuongea!

Verlene: Nani huyo?

Thurman: Vijana wa kampeni. Wanataka niisogeze pikapu pale mlangoni, watu wakitoka Grantham apigwe nayo picha. Wameshaleta bango: "Gari la shujaa wetu." Nimeiosha tangu asubuhi, mpaka matairi.

Verlene: Mm.

Thurman: Mm nini?

Verlene: Hakuna. Enhe, huko kwenye filamu Grantham naye yumo?

Thurman: Yumo! Anakuja kwa baba na bahasha ya pesa, ili Odell aende Pickett. Baba anasimama barazani, anasema, "Mwanangu hauzwi, bwana." Grantham analengwalengwa na machozi, anarudisha bahasha mfukoni, anatoa Biblia, anampa Odell. Mvua inanyesha.

Verlene: (anacheka sana)

Thurman: Unacheka nini?

Verlene: Nisamehe. Biblia! Na pikapu je? Kwenye filamu imetoka wapi? Thurman? Upo?

Thurman: Haimo.

Verlene: Haimo?

Thurman: Baba anatembea kwa miguu filamu nzima. Nilikaa nikiingoja itokee. Haikutokea. Basi nikatoka.

Verlene: Kwa hiyo hukutoka kwa sababu ya meno.

Thurman: Meno nayo yalichangia.

Verlene: Mliipata wapi ile pikapu?

Thurman: Unajua. Baba aliishinda kwenye bahati nasibu.

Verlene: Bahati nasibu ipi?

Thurman: Ya kanisani.

Verlene: Kanisa lenu, la Kibaptisti.

Thurman: Ndiyo.

Verlene: La mchungaji Sewell. Aliyemtoa mama yenu kwenye kwaya kwa kucheza karata na shangazi yenu, karata za bure, sebuleni kwake.

Thurman: Ndiyo, huyo.

Verlene: Huyo akachezesha bahati nasibu ya gari jipya.

(Simu inakwaruza.)

Thurman: Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, Verlene. Baba alitupanga mstari jikoni akatuambia, mkiulizwa semeni hivyo. Nimesema hivyo miaka thelathini na tano. Mtu ukisema kitu miaka yote hiyo, unaacha kukisikiliza.

Verlene: Ililetwa lini?

Thurman: Alhamisi. Odell alitia saini Jumatano. Usiniambie kitu, najua kuhesabu.

Verlene: Sikwambii.

Thurman: Lakini angekwenda Pickett vyovyote! Hata wasingempa baba kitu. Aliipenda Pickett. Si aliipenda?

Verlene: Tuyaache haya, shemeji. Marehemu amepumzika.

Thurman: Verlene. Nimekuuliza.

Verlene: Aliitaka Harlan. Kule walikubali asomee ualimu wa hesabu, Pickett walimcheka. Asubuhi ya saini baba yenu akamwekea kwenye sahani, pembeni ya mayai, funguo za pikapu ambayo ilikuwa bado haijaletwa. Hakusema neno. Odell akala mayai, akaenda kutia saini Pickett.

Thurman: Muongo.

Verlene: Haya, mimi muongo.

Thurman: Angeniambia!

Verlene: Wewe ulikuwa unalala na fulana yao ya kijani. Akwambie aone umefanyaje? Umewahi kumwona akiiendesha hiyo pikapu?

Thurman: Goti. Alisema goti halimruhusu kukanyaga klachi.

Verlene: Aliendesha lori la kiwanda cha kuku miaka kumi na tisa. Lile lori halikuwa na klachi? Thurman.

Thurman: Nipo.

Verlene: Sikutaka kukwambia kwenye simu. Ila hilo neno ulilolisema, kujiuza, siwezi kuliacha likae juu ya mwanangu.

Thurman: Nimelifuta. Nilikosa. (anapenga kamasi) Huo mkataba wa Tavaris. Umeandikwa jina la nani?

Verlene: Lake.

Thurman: Si lako?

Verlene: Langu la nini? Lake. Tavaris Odell Pettway. Mwanasheria alitusomea ukurasa kwa ukurasa, mimi nikasinzia, mtoto yuko macho anauliza maswali.

Thurman: Na goti likienda?

Verlene: Wanalipa, na masomo yanaendelea. Ukurasa wa sita, ndicho kitu cha kwanza alichouliza.

Thurman: Ukurasa wa sita. Odell, goti lilipoisha, walimpa tiketi ya basi.

Verlene: Nayo ya kwenda tu.

Thurman: Bado inanuka, shemeji, sikufichi. Bado naona gulio.

Verlene: Hata mimi naliona. Lakini gulio lilikuwapo siku zote. Zamani ng'ombe hakuambiwa bei.

Thurman: (kioo kinagongwa) Wamerudi. Ala, safari hii ni mwenyewe. Subiri, usikate. (kwa mbali) Mheshimiwa... Ndiyo, ndiyo hii... Picha utapata. Waambie kwanza hao wenye kamera, ilitoka wapi?... Sikusikia, sema tena.

Verlene: Anasemaje huyo mtu?

Thurman: Amenikonyeza. Amesema, "Bahati nasibu ya kanisani, au siyo, Thurman?"

Verlene: Yesu wangu.

Thurman: Miaka yote nilidhani baba ndiye aliyetunga. Kumbe hata uongo tulipewa pamoja na gari.

Verlene: Usimpige, tafadhali. Kamera zipo.

Thurman: Simpigi. (mlango unabamizwa) Shika, mheshimiwa. Shika, zako hizi... Naona kamera, ndiyo maana nakupa sasa hivi. Umekuja na gari, ondoka na gari. Na hao wapiga kura wako waeleze wewe, mimi kazi hiyo nimeiacha leo!

Verlene: Umempa nini? Thurman! Umempa nini?

Thurman: (anahema) Funguo.

Verlene: Za pikapu?

Thurman: Nimemwekea mkononi. Ungeona uso wake! Ameishiwa maneno, mtu wa dakika ishirini.

Verlene: Na wewe uko wapi?

Thurman: Natembea. Nimeshapita kituo cha mafuta.

Verlene: Unatembea unakwenda wapi?

Thurman: Huko kwenu.

Verlene: Maili kumi na nne, na baridi hii ya Desemba! Una wazimu?

Thurman: Leo Jumatatu, saini ni Jumatano. Nitafika.

Verlene: Ngoja, ngoja— Tavaris! Chukua gari langu ukamfuate baba yako mdogo, yuko barabarani kwa miguu!... Anauliza, unakuja kukaa mezani au unakuja kugomba?

Thurman: Kukaa. Mwambie kile kiti cha kulia ni changu, asimpe mtu. Verlene, simu inalia, chaji inakata, na waya nimeuacha kwenye pikapu—

Verlene: Fuata barabara kubwa, usikatize msituni!

Thurman: Mwambie anichukulie kofia.

Verlene: Kofia gani?

Thurman: Ya Harlan, ipi nyingine? Kichwa kinaganda huku, na ile yangu ya kijani nimeiacha kwenye—

Verlene: Thurman? Haloo? Thurman?