Mkono wa Kushoto wa Bwana Taarifa

Wasikilizaji wapendwa, mlio majumbani na nyie mliojibanza kwa jirani, leo tunamkumbuka Tokuzo Imanishi. Amefariki Jumanne, hapahapa Osaka, akiwa na miaka tisini na mmoja.

Tokuzo alikuwa mchezesha vikaragosi. Jukwaani kikaragosi kimoja huchezeshwa na watu watatu, na yeye kwa miaka kumi na minne alishika mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto tu, wapendwa.

Televisheni ilipoingia, akapata kipindi kituoni na kikaragosi chake mwenyewe, Bwana Taarifa, msoma habari. Alimwiga Kuwabara, msomaji wa kweli wa kituo kilekile. Kinywa kinasema serikali imetulia. Mkono wa kushoto unapapasa kofia, tayari kukimbia. Mtaa mzima tulijazana kwenye bafu la umma la Otsune, palipokuwa na televisheni pekee ya mtaa, tukicheka hadi maji yanapoa. Kuwabara mwenyewe alimtania Tokuzo: siku hizi hata mke wangu hanitazami usoni, anatazama mkono.

Kisha kivuko kikazama. Jioni ile Kuwabara alisoma majina ya waliokufa. Mkono wake wa kushoto ukasogea kufunua karatasi. Ukasogea tu. Bafu zima tukaangua kicheko. Ndiyo, na mimi nilicheka.

Tokuzo alikuwepo. Otsune akamvuta hadi mlangoni. Mdogo wa kike wa Otsune alikuwa amepanda kivuko kile.

"Kaka Tokuzo, jina la mdogo wangu sikulisikia. Watu walikuwa wanacheka. Wewe umelisikia?"

Alikuwa amelisikia.

Binti yake, Sachie, ananiambia baba hakuwahi kusimulia alivyojibu. "Alisema tu, kazi ya kutaja jina lile ilikuwa ya Kuwabara, nikamharibia, ikabidi niifanye mimi."

Wiki iliyofuata Bwana Taarifa alitokea, mikono yote miwili mezani. Akainama, akaondoka moja kwa moja. Kituo kilibembeleza sana. Mke wa Tokuzo alimuuliza kama sasa watakula huruma. Yeye akarudi jukwaani, akashika mkono wa kushoto mpaka alipostaafu.

Sachie, pole sana, wewe na ndugu wote. Mtaa uko nanyi.

Nasi tuliobaki, tucheke, maana mzee mwenyewe alipenda tucheke. Lakini taarifa ya habari ikianza, mtazame kwanza aliyeketi kando yako. Huenda anasubiri jina.